Kusoma diski ya kompyuta ya zamani kwa adapta ya USB: maelezo kwa ofisi za biashara na usafirishaji

Ofisi nyingi za mawakala wa forodha, wasafirishaji na wauzaji wa jumla katika miji ya mipakani kama Namanga, Busia, Malaba, Rusumo na Tunduma zina kompyuta moja au mbili zilizokufa ambazo hakuna aliyethubutu kuzitupa. Sababu inajulikana. Ndani yake mna ankara, hati za forodha, orodha za mizigo na hesabu za miaka iliyopita. Kompyuta haiwaki, fundi amesema bodi imeungua, na mwenye ofisi ameamini kwamba kumbukumbu zimekwenda pamoja na mashine.

Mara nyingi sivyo. Kumbukumbu hazikai kwenye bodi wala kwenye kioo. Zinakaa kwenye diski kuu, ambayo wengi huiita hadi diski, kisanduku bapa cha chuma kilichofungwa kwa skrubu ndani ya kompyuta. Diski hiyo inaweza kutolewa ikiwa nzima na kusomwa na kompyuta nyingine yoyote kupitia adapta ya USB, kifaa kidogo kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo, Dar es Salaam, ya barabara ya Luthuli, Nairobi, na ya miji mingine mikubwa ya kanda hii. Kazi yenyewe haihitaji utaalamu mkubwa, lakini ina makosa machache ambayo yakifanyika hayarekebishiki.

Kwa nini kumbukumbu hizo zina thamani

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 235, inampa afisa wa forodha uwezo wa kumtaka mwenye mzigo, au yeyote mwenye hati za mzigo huo, atoe vitabu, kumbukumbu na hati zote zinazohusika ndani ya miaka 5 tangu bidhaa zilipoingizwa au kusafirishwa nje. Ukaguzi wa baada ya mzigo kutoka ndio njia ambayo mamlaka za mapato za kanda hii zimekuwa zikiitegemea zaidi, kwa kuwa lori haliwezi kuzuiwa mpakani siku 3 kwa ajili ya kuhesabu katoni. Mzigo unaachiwa, maswali yanakuja baadaye.

Maswali hayo yakija, asiye na ankara ya awali ndiye anayepata taabu kutetea thamani aliyoitangaza. Aidha, ukomo wa miaka 5 wa kudai ushuru uliolipwa pungufu haumlindi mtu palipothibitika udanganyifu. Wasafirishaji nao wana yao: dhamana ya mzigo wa kupita ambayo haikufutwa, mabishano ya gharama za kontena lililochelewa kurudishwa, au mteja anayedai mzigo ulifika pungufu. Kinachoamua ni karatasi ya siku ile, na karatasi ya siku ile iko kwenye diski.

Ukilinganisha bei ya adapta na kiasi ambacho kinaweza kudaiwa katika ingizo moja tu la forodha, hesabu haina ugumu.

Tambua kwanza diski uliyonayo

Hapa ndipo fedha hupotea, kwa sababu mtu hununua adapta kabla hajaifungua kompyuta. Fungua kwanza, itazame diski, ikiwezekana ipige picha kwa simu, kisha ndiyo uende dukani.

Diski za kompyuta za mezani zina upana wa inchi 3.5, ni nzito na hujaa kiganjani. Za laptopu ni inchi 2.5, nyembamba, zinaingia mfuko wa shati. Baada ya ukubwa, tazama mahali pa kuunganishia waya. Diski za mtindo wa zamani, zinazoitwa IDE, zina safu mbili za pini ndogo kama sindano. Ile ya mezani ina nafasi ya pini 40, moja ya katikati ikiwa haipo kwa makusudi ili plagi isiingie kinyume, na pembeni yake kuna tundu la umeme lenye pini 4 nene. Ile ya laptopu ina pini 44, umeme ukipita humo humo. Diski za mtindo wa SATA, zilizoanza kuenea kuanzia mwaka 2003, hazina pini za sindano. Zina ndimi mbili bapa za plastiki, fupi ya data yenye miguso 7 na ndefu ya umeme yenye miguso 15.

Kwa makadirio ya jumla, kompyuta iliyotengenezwa kabla ya 2004 itakuwa na IDE, na iliyotengenezwa baada ya 2009 itakuwa na SATA. Zile za katikati ya miaka hiyo, fungua uone. Kwa hiyo anayetafuta hati zilizo ndani ya ule muda wa miaka 5 ana uwezekano mkubwa wa kukuta SATA, isipokuwa ofisi yake ni miongoni mwa zile zilizoendelea kuendesha programu ya hesabu kwenye mashine kuukuu kwa sababu tu hakuna aliyetaka kuihamisha. Ofisi za namna hiyo si chache.

Mashine zilizokuwa seva ni habari nyingine. Diski za SCSI zina pini 68 au 80 na adapta ya kawaida haizihusu. Diski za SAS zinafanana sana na SATA, ila pengo kati ya ndimi mbili limezibwa, hivyo plagi ya SATA inakataa kuingia. Usiilazimishe. Vilevile, kama seva ilikuwa na diski kadhaa zilizofanya kazi kama moja, diski moja peke yake inaweza isionyeshe kitu cha maana. Ziandike namba kwa kalamu kulingana na nafasi zilizokuwamo, kisha mpelekee mtaalamu zote kwa pamoja.

Suala la umeme

Hitilafu nyingi zinazosemwa kuwa ni za diski iliyokufa huwa ni za umeme mdogo. Diski ya inchi 3.5 inahitaji umeme wa aina mbili, volti 12 kwa ajili ya mota na volti 5 kwa ajili ya bodi. Tundu la USB linatoa volti 5 tu. Kwa hiyo adapta ya diski ya mezani ni lazima ije na chaja yake ya ukutani. Adapta nyepesi isiyo na chaja, ambayo muuzaji atakwambia inafaa diski zote za SATA, inafaa zile za laptopu tu. Diski ya mezani itaingia kwenye plagi vizuri kabisa na haitazunguka.

Diski ya laptopu hutumia volti 5 peke yake na inaweza kuendeshwa na USB, lakini napo kuna mpaka. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Diski inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya inavyovuta ikishashika mwendo, na diski kuukuu ikikosa nguvu hiyo huanza, husita, huanza tena. Tumia tundu la nyuma kwa kompyuta ya mezani, usipitishe kwenye kigawanyio cha USB, na kama adapta ina kebo yenye plagi 2 za USB, chomeka zote mbili.

Tazama pia maandishi ya chaja. Yanapaswa kuonyesha kwamba inapokea volti 100 hadi 240. Chaja nyingi zinatoka China zikiwa na plagi ya pini mbili. Kenya, Uganda na Tanzania tunatumia zaidi soketi ya pini tatu bapa, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo hutumia pini za mviringo. Mtu anayebeba kifaa hiki kutoka tawi la Kampala kwenda Kigali asisahau kibadilishio.

Kwa mwenye diski za aina mbalimbali, inayofaa ni adapta yenye vichwa vitatu, yaani pini 40, pini 44 na SATA, pamoja na chaja yenye tundu la pini 4 na waya wa kugeuzia kwenda SATA.

Utaratibu wa kuunganisha

Zima kompyuta ya zamani, ichomoe ukutani, na uguse chuma cha kasha lake kabla ya kushika diski, ili umeme tuli wa mwilini utoke. Toa skrubu, chomoa waya kwa kushika plagi na si kwa kuvuta utepe. Diski za laptopu za IDE mara nyingi huwa na kofia ya plastiki juu ya pini. Ivue taratibu, ikivutwa kwa upande mmoja pini hupinda.

Weka diski juu ya mbao, kitabu au katoni, bodi ikiwa chini au juu, lakini kamwe isiwe juu ya bati au chuma. Hakikisha haitaguswa wala kutikiswa ikiwa inazunguka. Nimeona katika ofisi moja diski ikining'inia kwa waya wake kutoka mezani huku inasomwa. Haikufika jioni.

Diski za IDE za mezani zina kijiplastiki kidogo kinachoitwa jampa, karibu na tundu la umeme. Jampa huamua kama diski ni kuu au saidizi, na ramani yake imechapishwa kwenye lebo ya diski. Kwa adapta nyingi iwekwe kwenye nafasi ya diski kuu. Baadhi ya diski za Western Digital zina nafasi ya diski iliyo peke yake, na hapo jampa hutolewa kabisa. Ikiwa diski inazunguka na kompyuta haioni chochote, jampa ndiyo kitu cha kwanza cha kutazama.

Kwa diski za pini 44, kuwa mwangalifu zaidi. Karibu na pini hizo kuna nyingine 4 za jampa, zikitenganishwa na nafasi ndogo. Adapta ikisogea kwa safu moja, umeme unaingia pasipo pake na bodi ya diski inaungua.

Baada ya hapo unganisha kichwa cha data, kisha waya wa umeme, kisha washa chaja. Subiri kama sekunde 10 hadi usikie mzunguko umetulia. Ndipo uchomeke USB kwenye kompyuta. Wakati wa kumaliza, anza kwa kuiambia Windows kwamba unataka kuondoa kifaa kwa usalama, kisha chomoa USB, kisha zima chaja.

Jambo linalosahaulika ni kukatika kwa umeme. Laptopu ina betri, kwa hiyo itaendelea kuwaka. Diski ya mezani inategemea chaja ya ukutani na itazimika papo hapo katikati ya kazi. Iunganishe na UPS kama ipo. Na siku zote nakili mafaili, usiyahamishe, ili yaliyoko kwenye diski yabaki yalivyo hata kazi ikikatika.

Ujumbe wa kwenye kioo

Diski ikionekana kama herufi mpya ya E au F, mambo ni mazuri. Isipoonekana, fungua sehemu ya Windows ya kusimamia diski na utazame kama ipo lakini haijapewa herufi. Kuipa herufi hakuna madhara.

Madhara yako kwenye ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza unasema diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Wa pili unataka diski ianzishwe upya. Katika hali zote mbili jibu ni kufuta ujumbe na kutofanya chochote. Windows inasema hivyo kwa sababu imeshindwa kuelewa kilichomo, si kwa sababu hakuna kilichomo. Inawezekana diski ilikuwa ya Linux, ambayo Windows haisomi kwa kawaida. Inawezekana jedwali la mafaili limeharibika huku mafaili yenyewe yapo. Inawezekana umeme haukutosha. Anayekubali kufomati anageuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Ujumbe mwingine ni wa kunyimwa ruhusa ya kufungua folda ya mtumiaji wa zamani. Huo hauna shida. Nywila ya kuingilia Windows haifungi mafaili, na mwenye mamlaka ya msimamizi kwenye kompyuta mpya anaweza kujipa ruhusa. Hali ni tofauti ikiwa diski ilifungwa kwa BitLocker, ambayo ilianza na Windows Vista mwaka 2007. Hapo pasipo nywila yake au ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48 hakuna fundi atakayeifungua, na anayekwambia anaweza anataka fedha zako.

Mafaili yako wapi

Kwenye Windows XP hati za mtumiaji ziko ndani ya folda ya Documents and Settings, chini ya jina lake. Kuanzia Vista ziko ndani ya Users. Usiishie hapo. Makarani wengi walihifadhi kila kitu kwenye meza ya kompyuta, na programu za hesabu zina mahali pake. Data ya Tally hukaa katika folda ya Data ndani ya folda ya Tally yenyewe, katika vifolda vyenye majina ya tarakimu tupu, ambavyo mtu asiyejua huviruka akidhani ni takataka. QuickBooks hutumia mafaili yanayoishia na QBW. Barua pepe za Outlook ziko kwenye faili la PST, na za Outlook Express kwenye mafaili ya DBX. Barua pepe ndizo mara nyingi zenye nakala ya ankara ambayo mwenyewe alishaifuta.

Chukua folda nzima badala ya kuchagua faili moja moja. Diski ya gigabaiti 80 ikisomwa kwa USB 2.0, ambayo kwa hali halisi hupitisha kama megabaiti 30 kwa sekunde, huchukua takriban dakika 45. Mafaili madogo mengi huchelewesha, na diski iliyochoka huchelewesha zaidi. Diski ya mezani iliyo nje ya kasha lake hupata joto, kwa hiyo ielekezee feni.

Kabla ya kufungua chochote, pitisha programu ya kuondoa virusi. Diski za miaka ya 2000 zimejaa virusi vilivyoenezwa kwa flashi, vile vilivyokuwa vikificha folda na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Hati zako hazihitaji faili lolote linaloishia na EXE, basi usilifungue.

Kama hati inakwenda mahakamani

Hapa utaratibu unabadilika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, ya Uganda ya mwaka 2011, na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya zote zinaukubali ushahidi wa kielektroniki, lakini swali la kama umebaki ulivyokuwa huulizwa. Kuinakili kwa njia ya kawaida ya Windows huacha tarehe ya mwisho ya kubadilishwa kwa faili kama ilivyokuwa, ila tarehe ya kuundwa huwa ya leo. Kufungua faili kwenye diski ya awali na kulihifadhi tena hubadilisha tarehe ya mwisho ya kubadilishwa. Hata kuchomeka tu huweza kuifanya Windows iandike vitu vyake kwenye diski.

Kwa hiyo kama kuna kesi, au dalili ya kesi, usiichomeke. Ifunge, andika ilitolewa kwenye mashine gani, tarehe gani na nani aliishika, kisha mwone wakili kwanza. Mtaalamu anayefahamu kazi hiyo atatumia kizuizi cha kuandika na kutengeneza nakala kamili ya diski nzima.

Diski inayolia

Sauti ya kugonga kwa mpangilio, tak-tak-tak, au mkwaruzo wa chuma, maana yake ni hitilafu ya ndani. Zima mara moja. Kila dakika ya ziada inakwaruza sahani zenye data. Ushauri wa kuiweka kwenye jokofu au kuigonga kidogo ulizunguka sana mitaani na umeangamiza diski nyingi. Kuifungua ni mbaya zaidi, kwani vumbi moja linatosha.

Ikiwa hailii bali inasoma kwa kusuasua na kukwama, fundi anayejua Linux anaweza kutumia programu ya ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima na kurudi baadaye kwenye sehemu mbovu. Muulize kabla hujamwachia kama atafanya hivyo. Anayejibu kwamba ataanza kwa kuifomati, chukua diski yako uondoke.

Diski ikisafirishwa kutoka tawi hadi tawi, ifungwe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli na sponji pande zote, ndani ya boksi gumu. Dashibodi ya lori juani si mahali pake.

Baada ya kunakili

Weka nakala mbili, moja nje ya ofisi. Data ya programu za zamani za hesabu ifunguliwe mapema na ripoti zake zihifadhiwe kama PDF, kwa kuwa toleo jipya linaweza lisiisome moja kwa moja.

Diski ya zamani yenyewe isiuzwe na kasha lake. Kufuta mafaili au kufomati kwa haraka hakuondoi data, na mnunuzi wa vyuma chakavu anaweza kuirejesha kwa adapta hiyo hiyo. Humo mna nakala za pasipoti za madereva, namba za akaunti na bei za wateja wako. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na mwenye ofisi ndiye atakayeulizwa. Iandikwe sifuri diski nzima. Kama haiwaki, itobolewe kwa drili hadi kwenye sahani, ukivaa miwani ya kazi, kwa sababu sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo.

Kwa wanaoagiza vifaa hivi ili kuviuza, diski zinaingia katika namba 8471.70, na kundi la 8471 lina ushuru wa forodha wa asilimia 0 katika Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya. VAT ni ya kila nchi. Adapta ni ya kujadiliana, kwani ikionekana kuwa ni waya tu wenye plagi inaweza kupelekwa 8544.42, hivyo maelezo ya bidhaa kwenye ankara yaeleze kazi yake na yasiishie kuandika "kebo". Na wafanyabiashara wadogo wanaovuka na boksi moja wakumbuke kwamba cheti cha asili kilichorahisishwa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Adapta ya China haiingii humo hata kama ilinunuliwa Kariakoo.